Mtu Tuliyefungiwa Naye Baani

Mara ya kwanza kuingia katika baa ile niliingia mbio, damu ikinichuruzika shingoni. Ilikuwa mwaka 2016, saa sita mchana, jua la utosi. Vijana watatu walinivizia kwenye roboti, ndivyo tunavyoziita taa za barabarani huku Johannesburg, wakautaka mfuko wangu wa zana. Mimi ni fundi makochi. Mle mlikuwa na mikasi, sindano za ngozi na mkate wangu wa mchana, na sikuwa tayari kuachia hata mkate. Mmoja akanipiga kwa kitako cha chupa chini ya sikio. Nikakimbia nimeukumbatia mfuko kama mtoto mchanga, nikipiga kelele, "Jamani nakufa! Jamani nakufa!" katika mtaa mzima wa watu wasiojua Kiswahili.

Kumbe mmoja alijua. Alikuwa mlinzi, amesimama mlangoni mwa jengo kuukuu la matofali mekundu, mpana wa mabega, rungu mkononi. Alinishika ukosi akanitupa ndani kama gunia la mahindi, kisha akamgeukia kijana aliyekuwa mbele na kumpiga rungu moja la gotini. Nilisikia mfupa. Yule kijana aliondoka akirukaruka kwa mguu mmoja, wenzake wakimvuta.

"Uko mzima, yaya?" mlinzi akaniuliza.

Alikuwa Mkongo wa Bukavu. Kwao yaya ni kaka mkubwa. Baadaye niligundua kwamba alinizidi miaka miwili, lakini jina lilishaniganda, na hata mkewe aliniita hivyo.

Baa ile ilikuwa miongoni mwa kongwe kabisa katikati ya jiji, kongwe kuliko babu yangu. Kaunta ilikuwa ya mbao nyeusi iliyong'arishwa na viwiko vya watu waliokwisha kufa. Ukutani palikuwa na vioo vilivyoanza kubanduka rangi na picha za wachimba dhahabu wenye masharubu. Msimamizi wake, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Soweto, mwenye sauti ya kuamuru hata anapokusalimu. Aliniwekea kitambaa chenye barafu sikioni, halafu akashika mkono mrefu wa pampu pale kaunta, akauvuta taratibu mara tatu, na bilauri ikajaa bia ya rangi ya shaba.

"Kunywa," akasema kwa Kiingereza. "Lakini usilalamike kwamba haina baridi."

Nilikunywa, na mara moja nikamkumbuka bibi yangu Marangu. Haikuwa na baridi wala mapovu makali. Ilikuwa na uchachu kidogo na uzito, kama mbege, pombe yetu ya ndizi, iliyofikia siku yake. Mama alinieleza kwamba ni bia ya Kiingereza ya desturi ya zamani, haichujwi wala haitiwi gesi. Inaendelea kuchacha ndani ya pipa huko ghalani, chini ya sakafu, na ikishafunguliwa lazima inywewe ndani ya siku chache. Nilimwambia kwamba kwetu hiyo ndiyo pombe, zile za chupa ni soda. Akacheka, kisha akaviangalia viti vyake vilivyochanika ngozi na kuniuliza kama naweza kuvishona.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa baa ile kwa miaka mitatu. Nilishona viti, na kila Jumamosi mchana nilikwenda kunywa bilauri mbili. Mlinzi hakunywa, kanisa lake lilikataza. Akipata nafasi aliegemea kaunta na soda yake ya tangawizi, tukapiga soga kwa Kiswahili chetu mbalimbali. Mama alitufundisha Kizulu, hasa lile neno la kiwiko, ambalo kila mgeni huku anajua kwa nini anapaswa kulijua: watu wa fujo wakikukamata, wanakugusa kiwiko na kukuuliza kinaitwaje. Tulilirudia mpaka tukachoka. Mimi nilishindwa kabisa. Mlinzi alilipata vizuri, ila mwishoni mwa neno sauti yake ilipanda kidogo, kama watu wa Bukavu wanavyopandisha.

Usidhani palikuwa mahali pa amani. Nimemwona mwanasheria mwenye tai akimvunjia mwenzake bilauri usoni kwa sababu ya mpira. Nimemwona mwanamume akichomwa kisu barabarani, hatua kumi kutoka mlangoni, na aliyemchoma akitembea tu, hakukimbia hata kidogo. Mlinzi alikuwa na ndoo na fagio ngumu kwa ajili ya damu. Alimwaga maji, akasugua, akarudi kusimama. Tulizoea. Nasema hivyo kwa aibu, lakini tulizoea.

Mwaka 2019, wiki moja ya Septemba, maduka ya wageni yalianza kuchomwa. Tulisikia kwanza ya Alexandra, kisha mitaa ya karibu. Asubuhi ile mke wangu aliniomba nisitoke. Nilimwambia nina kiti kimoja tu cha kumalizia.

Saa saba mchana tulianza kunusa moshi wa matairi. Ndani tulikuwa mimi, Mama, makarani wawili wa ofisi za jirani, na mzee wa Kizungu aliyestaafu, ambaye hakukosa bia yake hata siku moja. Mama alikuwa ametoka ghalani kufungua pipa jipya, na ile nyundo nzito ya mti anayogongea bomba kwenye pipa ilikuwa bado juu ya kaunta. Tukasikia filimbi, halafu wimbo, halafu vioo vinapasuka.

"Shusheni mlango," Mama akasema.

Mlango wa nje ulikuwa wa chuma, wa kushuka kutoka juu kwa mnyororo. Mzee wa Kizungu, aliyekuwa karibu nao, akaanza kuvuta. Mlinzi alikuwa ametoka kuchukua ubao wa chaki tuliouandikia supu ya siku hiyo. Mpaka leo najiuliza ubao ule ulikuwa na thamani gani.

"Bale batu banakuya!" nikamsikia akipaza sauti. "Beko bengi, yaya!"

Aliwahi kusema hayo tu. Wakamfikia. Mlango ulikuwa umeshuka hadi usawa wa kiuno, kwa hiyo niliona miguu tu: viatu vyake vyeusi vya kazi, na kuvizunguka raba, ndala, na fimbo za gofu zikiburuzwa kwenye lami. Mtu mmoja aliuliza swali. Sikuhitaji kutafsiriwa. Mlinzi alijibu neno lile vizuri, kwa utulivu, na mwishoni sauti ikapanda. Kisha wakacheka.

Walimpiga nondo kwenye kiwiko kilekile walichomuulizia. Alianguka kifudifudi, na uso wake ukawa pale chini ya mlango, unanitazama. Hakuniita. Midomo yake ilijaa vumbi.

Mzee alikuwa bado anavuta mnyororo. "Watatuua sote!" alilia. "Watatuua sote!"

"Acha mnyororo huo!" Mama akamfokea.

Sikumbuki kuichukua nyundo. Nakumbuka nikiwa nimepiga magoti chini ya mlango, nikiupiga ugoko wa kwanza niliouona, halafu wa pili. Nilimshika mlinzi mkanda na kuvuta. Makarani wakaja wakashika mabega yake. Lakini mtu mmoja wa nje alikuwa amemng'ang'ania mguu na hakutaka kuachia, kwa hiyo tulipomvuta mlinzi, naye akaja. Nilimpiga bega. Nilimpiga mdomo. Kabla hajajua yuko wapi, alikuwa mwili mzima upande wetu, na nyuma yake mlango ukashuka kwa kishindo.

Giza la ghafla. Mawe yakaanza kugonga chuma.

Sasa tulikuwa naye. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, shati la kazi la bluu, na meno yake mawili yalikuwa sakafuni. Aliinua mikono. Nataka niliandike hili bila kulipamba: aliinua mikono, na mimi nikampiga. Karani mmoja akampiga teke. Nikampiga tena mbavuni, na tena. Sikuwa namtetea mtu yeyote wakati ule. Mlinzi alikuwa amelala salama nyuma yangu. Nilipiga kwa sababu ilikuwa tamu. Miaka yote ya kupishana na watu kando ya njia, ya kutopokea simu kwa Kiswahili mbele za watu, ilishuka mkononi ikawa uzito wa nyundo ile.

Mama ndiye aliyenishika. Alinikumbatia kutoka nyuma, mikono yake ikanibana kifuani, akasema sikioni mwangu, "Amelala chini. Baba, mtu amelala chini. Inatosha."

Niliiachia nyundo. Nikaikalia mikono yangu.

Kisha tukaona moto. Walikuwa wamesukuma tairi linalowaka hadi mlangoni, na moshi mweusi ukaanza kupenya chini ya chuma. Mama alikimbilia kaunta. Maji ya bomba siku hiyo yalitoka kwa uvivu, kwa hiyo ndoo ya kwanza akaitega hapo, na ya pili akaijaza bia, akivuta ile pampu kwa mikono miwili kama mtu anayechota kisimani. Makarani walimwaga kizingitini, maji na bia kwa zamu. Harufu ya bia iliyoungua ikachanganyika na ya mpira. Tulikohoa wote.

Yule mtu naye alikohoa. Alijikokota hadi mlangoni akaugonga kwa ngumi, akapiga kelele kwa Kizulu. Mama alinitafsiria baadaye. Alikuwa anasema, "Niko ndani! Msichome, niko ndani!" Alitaja jina lake. Akataja majina yao, mmoja mmoja. Upande wa pili wimbo haukukatika. Jiwe kubwa likagonga mahali alipokuwa ameweka kichwa, akarudi nyuma, akakaa na kuegemea kaunta. Hakupiga kelele tena.

Tairi liliungua likaisha. Watu wakaenda mtaa mwingine. Sisi tulikaa muda wa saa tatu bila kuthubutu kufungua. Mlinzi tulimlaza kwenye kiti kirefu nilichokuwa nimetoka kukishona, mkono wake umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakulia. Kila nilipomuuliza kama anataka maji alifumba macho. Mzee wa Kizungu alikaa kwenye kona, ameupa ukuta uso. Baada ya muda mrefu akasema, "Nilidhani ameshakufa."

Yule mtu aliomba maji. Aliniomba mimi, kwa ishara, kwa kuwa nilikuwa karibu zaidi na ndoo. Nilimtazama, na sikumpa. Karani yule aliyempiga teke ndiye aliyemnywesha.

Polisi walipofika, walikuja na gari moja tu la wagonjwa. Ofisa mmoja aliangalia damu, akaangalia nyundo, akaniangalia mimi. "Huyu wa shati la bluu kapigwa na nani?"

Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zimekwisha muda, nasubiri nyingine. Nilifungua mdomo, lakini Mama alinitangulia.

"Mlango ulimwangukia," akasema. "Mlango wetu ni mzee."

Ofisa akamgeukia yule mtu. Yeye alikuwa na kila sababu ya kuninyooshea kidole. Alitazama sakafu. Sijui kama ni woga, au aibu, au kwamba alitaka tu kutoka mle.

Waliwapandisha wote wawili katika gari lilelile, machela kwa machela. Siku ya pili nilikwenda hospitali, nikamkuta mlinzi ana plasta hadi begani, mkewe akimlisha uji. Nilimuuliza walizungumza nini njiani.

"Hakuniambia kitu," akasema. "Nami sikumwambia kitu. Tulipofika, alishushwa yeye kwanza."

Kiwiko hakikunyooka tena. Kazi ya ulinzi ikaisha, kwa sababu nani ataajiri mlinzi asiyeweza kuinua rungu. Mkewe alisuka nywele za watu kwa miezi michache, lakini kila sauti ya filimbi ilimfanya adondoshe kitana. Desemba wakaamua kurudi kwao, mahali walipokuwa wameikimbia vita, wakisema angalau vita ya kule inawajua majina.

Mimi nilirudi baa ile mara moja tu. Mama aliniomba nibadilishe ngozi ya kile kiti kirefu, maana damu ilikataa kutoka. Nilifanya kazi mlango ukiwa wazi, na nilipomaliza akanivutia bilauri. Niliinywa nusu. Aliniambia kwamba baba yake aliosha bilauri katika baa hiyohiyo enzi ambazo mtu mweusi aliingia kwa mlango wa uani tu, na kwamba hakuwahi kuionja bia hii. "Unadhani sijawahi kutaka kumpiga mtu humu?" akaniuliza. Akafuta kaunta.

Siku ya safari niliwasindikiza mlinzi na mkewe kituo cha mabasi. Basi la kuelekea Zambia lilikuwa limejaa mablanketi na televisheni. Mkewe alimfunga vifungo vya shati, maana mkono ule haukufika kifuani, kisha akapanda kutafuta viti vyao. Tukabaki wawili.

"Yaya," akasema. "Ile siku, ule mutu, ulimupiga mingi."

"Ndiyo," nikasema. "Nilizidisha. Sijapata usingizi mzuri tangu siku ile."

Alitazama dirishani kuona kama mkewe anasikia.

"Mi niliona," akasema. "Nilikuwa nimelala pale, naona yote. Nilikuwa nataka uendeleye."

Dereva akapiga honi. Alinipa mkono wa kushoto, akapanda.