Fundi Viti na Ndugu Zake Mnadani

Katika ukoo ule hakuna anayesimama kwa kukosa pa kukaa. Shangazi anaishi peke yake, lakini ana viti vingi kuliko wageni atakaowapata mpaka mwisho wa maisha yake. Shemeji ameweka benchi hadi kwenye kona ya ngazi. Mama mzazi ana stuli jikoni, stuli bafuni, na nyingine mlangoni ambayo kila anayeingia lazima ajikwae kwanza ndipo asalimie. Vyote vimetoka kwenye mikono ya mtu mmoja, binti yao wanayemwita Fundi Viti. Ndivyo walivyo watu hawa: ndugu yao akifungua biashara, wanainunua mpaka iishe. Mmoja wao alipojaribu kuuza miavuli, ukoo mzima ulitembea kiangazi chote na miavuli kwapani, jua linawaka, na hakuna aliyelalamika.

Upendo ni kitu kizuri, sikatai. Lakini Fundi Viti alikuwa ameshaanza kuota mvi, na kazi yake haijawahi kusifiwa na mtu asiye ndugu yake. Ukimpelekea mama yake kiti kizuri atasema, "Kizuri, mwanangu." Ukimpelekea kibovu atasema hivyo hivyo, tena atakikalia mpaka kimwangushe. Sasa fundi atajuaje kama ni fundi kweli, au ni binti wa watu tu mwenye nyundo? Swali hilo lilimkera kama kibanzi chini ya ukucha. Alichotaka ni mgeni mmoja, mtu wa kando kabisa, akione kiti chake na akitake kwa ajili ya kiti chenyewe.

Basi akatengeneza kiti cha kubembea. Hakutia msumari hata mmoja; kila kiungo alikifunga kwa vijiti vya mbao na gundi, akapiga msasa mpaka viganja vikaota sugu. Kilipokamilika kilikwenda mbele na nyuma bila kutoa sauti yoyote. Akakipiga picha, akakiweka kwenye mnada wa mtandaoni, akaandika na anwani ya karakana yake kwa atakayekuja kukichukua. Mnada ungefungwa Jumamosi adhuhuri. Kila mtu huko huingia kwa jina la kujibandika, anaweka dau lake, na wa juu ndiye anayeondoka na mali. Muuzaji naye amepewa rungu: akiona mteja hamtaki, anaweza kulifuta dau lake na kumfungia mlango. Fundi Viti alipoisoma kanuni hiyo alicheka sana. Nani mwenye akili zake atamfukuza mteja?

Kosa alilofanya lilikuwa moja tu. Aliwaambia ndugu zake.

Dau la kwanza liliwekwa na mtu aliyejiita Usingizi Haba. Lilikuwa dau la kiasi, la mtu anayepima mfuko wake kabla ya kuongea, na liliambatana na swali: "Kinalia kikibembea?" Fundi Viti akajibu kwamba hakilii. Swali likarudi: "Hata kidogo? Hata kwenye sakafu ya vigae?" Akajibu tena. Baada ya kidogo tena: "Na mtu mzito je?" Akaguna, akamwona huyo ni msumbufu.

Kisha akatokea Ua Jekundu, akapandisha. Simba Dume akapandisha juu ya Ua Jekundu. Mkasi Mkali akawaruka wote wawili. Usingizi Haba aliachwa chini huko, na hao watatu wakawa wanakimbizana kama kuku walioona punje moja. Fundi Viti alipiga vigelegele peke yake katikati ya karakana, akaukumbatia ufagio, akacheza nao. Wageni watatu! Wanagombania kiti chake! Kufikia Ijumaa jioni bei ilikuwa imepanda mpaka akaanza kuionea aibu.

Jioni hiyo hiyo Ua Jekundu akatuma swali: "Je, kiti hiki kinamfaa mtu mwenye nyonga mbovu, ambaye binti yake hampigii simu siku za kazi?"

Furaha ikamkatika papo hapo. Akapiga simu.

"Mama, wewe ndiye Ua Jekundu?"

"Ua gani tena? Mimi nimekaa zangu kwenye stuli yako."

"Mama!"

"Mwanangu, yule Simba ana kiburi. Nikiweka, anaweka. Nikiweka, anaweka. Nikaona leo ataitambua familia hii."

"Mama, Simba ni shemeji! Kuna mtu mwingine gani anayejiita Simba bila sababu yoyote?"

"Basi mwambie aache ujinga," mama akasema. "Ataleta umaskini nyumbani kwake."

Fundi Viti akageuka kuelekea jikoni. Mume wake, kinyozi kwa kazi na mpishi kwa zamu, alikuwa akimenya viazi. Kuona uso wa mkewe, aliitumbukiza simu yake kwenye sufuria, na kwa bahati mbaya sufuria ilikuwa na maji.

"Mkasi Mkali," akasema mke.

"Nilikuwa naisukuma bei kidogo tu, mke wangu. Ili wageni wapate moyo."

"Wageni gani? Ni wewe, mama na shemeji! Na ungeshinda je? Kiti ungekipeleka wapi?"

Kinyozi akafikiri. "Ningekileta nyumbani," akakiri polepole, na ndipo alipoona mwenyewe ubaya wa mpango wake.

Fundi Viti alirudi karakana akalia kwa hasira. Aliumia kweli. Alikuwa amekimbilia mahali ambapo watu hawafahamiani kwa sura, nao wakamfuata huko huko na mapenzi yao. Akafuta machozi, akachukua simu, akalikumbuka lile rungu. Alimfungia mlango shemeji. Alimfungia mume wake wa ndoa. Ilipofika zamu ya mama mzazi, alisema "Nisamehe" kwa sauti, kisha akabonyeza. Kila dau lilipofutwa bei iliporomoka, ikashuka mpaka ikamkuta Usingizi Haba, ametulia pale pale na dau lake la kiasi.

Hapo akaingiwa na shaka. Msumbufu, maswali yasiyo na kichwa wala miguu, halafu jina lenyewe la mzaha. Huyu ni nani kama si kaka yake, ambaye utani wake haumwachi hata msibani? Akaandika: "Kaka, nimeshakujua. Nenda kalale." Akamfungia na yeye kabla hajajibu. Sasa mnada ulikuwa safi kabisa, haukuwa na mtu.

Jumamosi adhuhuri ukafungwa hivyo hivyo. Muda si muda simu ikaita, kaka huyo.

"Jamani, nasikia unauza kiti mtandaoni? Mbona mimi hamkuniambia? Ina maana mimi si wa familia?"

Fundi Viti akaketi sakafuni, viti vimemzunguka. Kwa hiyo yule alikuwa mgeni wa kweli. Mgeni pekee aliyewahi kumpata, na amemfukuza kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa kumtuma akalale.

Mlango ukagongwa, taratibu sana. Aliyesimama nje ni mwanamume mwenye macho mekundu, amembeba mtoto mchanga kifuani. Alikuwa amekasirika sana, ila alikuwa akinong'ona.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi," akanong'ona naye, bila kujua kwa nini.

"Nimekukosea nini? Dau nimeweka kwa heshima, nimeuliza kwa adabu, halafu unanifungia na kuniambia nikalale. Nilale wapi? Huyu hafumbi jicho mpaka abembelezwe, na kiti chetu kikilia tu kidogo anaamka na kuamsha majirani. Nimevuka mji mzima kuja kukuuliza, dada. Kwa nini unaninyima kiti?"

Fundi Viti alitaka kuomba radhi, lakini kicheko kikawahi. Tangu aanze kazi, hakuna aliyewahi kumgombeza kwa kukosa kiti chake.

"Samahani sana, ndugu yangu," akasema. "Lakini kama bado una hasira, endelea."

Mgeni akamtazama kama mtu aliyekosea nyumba. Kisha akakiona kiti, akamsahau mwenye kiti. Akakizunguka, akakishika. "Mkono wa kushoto uko chini kidogo kuliko wa kulia," akasema.

"Ni kweli." Ulikuwa chini kwa unene wa ukucha, naye alilijua hilo tangu siku ya kwanza, lakini kila ndugu aliyekikalia alikisifu tu.

"Na rangi ya kitambaa hiki cha kukalia siipendi."

"Nitakibadilisha."

Akaketi, akasukuma sakafu kwa ncha ya kiatu. Kiti kikaenda, kikarudi. Akasubiri mlio, akatega sikio, kichwa kimeinama upande, mlio haukuja. Akasukuma tena. Mabega yakamshuka.

"Hiki nakitaka," akasema. "Ongeza bei kama ni..."

"Dau lako lile lile," Fundi Viti akamjibu, lakini hakukuwa na wa kumsikia. Mtoto alikuwa amelala, na baba yake pia.

Wakati huo kelele zikasikika mtaani: mama, shemeji na kinyozi, wamekuja kuomba msamaha kwa pamoja, na shemeji akitangaza kwamba yuko tayari kukinunua kiti hicho bila mnada. Fundi Viti akawahi mlangoni na kidole mdomoni. Wakachungulia juu ya bega lake, wamebanana.

"Nani huyo?" mama akanong'ona. "Wa upande wa mume wako?"

"Hapana, mama."

"Wa upande wetu?"

"Simjui," akasema Fundi Viti, na machozi yalikuwa yakimtoka huku anacheka. "Simjui kabisa, mama. Sijapata kumwona!"