Kibao cha Mahali Salama

Nilipohamia Lodwar kutoka Nyeri mwaka wa 2012, shule ilinifanya mwalimu wa usalama, kwa sababu tu nilikuwa nimehudhuria semina ya siku mbili. Nikatafuta mahali pa kukusanya watoto wakati wa dharura. Nyuma ya shule nikapata pazuri ajabu: mchanga laini, tambarare, hakuna hata kichaka. Nikasimika kibao: MAHALI SALAMA.

Siku ya mazoezi nikaalika wazazi, nikapuliza filimbi. Watoto wote wakakimbilia kilimani! Nikabaki mchangani peke yangu, nikiandika majina ya wakaidi.

“Ejok, mwalimu,” Mama Ekai, mzazi wa darasa la pili, akanisalimu kwa Kiturkana kutoka ukingoni. “Toka hapo. Hiyo ni mto.”

“Mto gani hauna maji?” nikamcheka.

“Maji iko njiani. Huko milimani imenyesha tangu jana.”

Nikamwonyesha mbingu isiyo na wingu. Ndipo nikasikia ngurumo ya maji. Nilipanda ukingo kwa magoti, kiatu kimoja mguuni, wazazi wakinivuta kwa tai. Kibao changu kikapita mbele yetu kikielea.

“Mwalimu,” akauliza Mama Ekai, “mahali salama hiyo inaenda. Tuifuate?”