Mkia wa Shemeji

Nakumbuka siku moja ya utoto wangu Mtendeni, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda. Wewe nawe umenikasirisha. Asubuhi hii umembana paka kifuani, anapiga mkia, nawe unacheka!

Ilikuwa miaka ile watu walipokuwa wakihamia vijiji vya ujamaa. Malori yalipita yamejaa vitanda, kuku na vyungu. Kwetu tulikuwa na paka wa kijivu, tukimwita Shemeji kwa sababu alikuja bila kualikwa na hakuondoka. Alilala barazani kwenye vitambaa vya Bibi, aliyekuwa mshona kofia.

Mdogo wangu Zuhura, mtoto wa miaka minne, alitaka kumshika. Nikambana Shemeji kwapani. Akaanza kupiga mkia huku na huku.

"Ona anavyofurahi," nikasema, "kama mbwa wa jirani!"

Akalaza masikio. Akanguruma kidogo. Mimi mjinga nikazidi kumsogeza usoni kwa mtoto, na kucha zikamchana Zuhura chini kidogo ya jicho.

Baba alipouliza, nikasema paka kamrukia tu. Kwetu paka mkorofi hakuuawa. Alitiwa kwenye gunia asiione njia, akapelekwa mbali asiweze kurudi. Baba akamkabidhi dereva wa lori la Nzega, nami nikasikia gunia likilia mpaka lori likakata kona.

Bibi akaniita. Hakuinua macho kwenye kofia aliyokuwa akiishona.

"Mkia wake ulikuwaje?"

"Ulikuwa unapigapiga, Bibi."

"Na masikio?"

"Aliyalaza."

"Alinguruma?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi kakuomba mara tatu umwachie, mjukuu wangu. Aliyemchana Zuhura ni wewe. Nenda kamwambie baba yako."

Sikwenda. Niliogopa fimbo. Bibi hakunisemea, alitaka niseme mwenyewe, na alifariki akinisubiri.

Zuhura sasa ni bibi mwenye wajukuu, na kovu lake analo. Akiona paka hukusanya kanga zake akahama mkeka. "Paka hawana shukrani," husema, nami huitikia, "Kweli kabisa." Miaka yote hiyo! Najichukia kwa hilo.

Basi nisikilize. Paka akianza kupigapiga mkia, mwachie. Akilaza masikio umeshachelewa, mwachie hivyo hivyo. Akikutazama akafumba macho polepole, hapo amekuamini, kaa naye kwa utulivu. Na ukikosea usimtwike mwingine kosa lako, hata kama hana mdomo wa kujitetea. Sema siku hiyo hiyo.

Sasa niletee kanga yangu. Tunakwenda Ipuli kwa Zuhura, na haya nitamwambia mbele yako. Mungu akujalie macho ya kumwona anayekuomba umwachie, mwanangu, na akujalie ulimi usiosubiri uzee kama wangu.