Jino ni Jino

Mjomba wangu, fundi wa meno ya bandia, hakubali kushindwa kwa maneno hata na redio. Mtaani wanamwita Mashoto, jina analolichukia, maana shuleni alichapwa hadi akajua kuandika kwa mkono wa kulia.

Juzi mama mmoja wa makumbusho alimletea taya la binadamu wa kale, akamwomba atengeneze nakala ya plasta. Nakala ikatoka vizuri, ila meno ya mbele yalikuwa na mikwaruzo, na mjomba hajawahi kumpa mteja jino lenye mkwaruzo. Akachukua msasa. Nikamwambia, "Mjomba, hicho kitu cha makumbusho, kiache." Akanijibu, "Jino ni jino," akasugua mpaka yakang'aa kama ya bibi harusi.

Yule mama alipokuja, alijishika kichwa.

"Mzee wangu, umefanya nini? Huyu aling'ata nyama kwa meno, akaikata kwa jiwe. Jiwe likiteleza, linakwaruza jino. Mikwaruzo ikilala huku, mtu alitumia mkono wa kulia. Ikilala kule, wa kushoto. Wenzake wote tulio nao ni wa kulia. Huyu ndiye mashoto wetu pekee, na ndiyo maana tulitaka nakala yake!"

Mjomba aliinamisha macho, akauona msasa ungali katika mkono wake wa kushoto. Akauhamishia wa kulia taratibu, kama mtoto aliyemwona mwalimu.