Picha ya Adui Ukutani

Mimi ni katibu wa kamati ya ukumbi wetu hapa Boito, kazi niliyopewa kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Ukumbi wenyewe ulijengwa zamani kwa ajili ya wachuna chai, na sisi wote tunauita holi. Ndani yake tumetenga ukuta mmoja wa picha za watu waliotuletea heshima. Yuko mkimbiaji aliyeshinda mbio ng'ambo, yuko muuguzi wa kwanza kutoka kwetu, yuko mama aliyefundisha kwaya mpaka sauti yake mwenyewe ikaisha. Kila mwaka tunaongeza picha moja, na kwa kawaida kikao kinaisha kabla chai haijapoa.

Mwaka tuliobishana ni ule ambao mwanakamati wetu kijana, mwanafunzi wa chuo kikuu pale Kabianga, alisimama akampendekeza baba yangu mdogo.

Alieleza alikolitoa wazo hilo. Yeye na wenzake hosteli walikuwa wamebishana wiki nzima juu ya mwanamieleka mmoja wa ng'ambo wanayemtazama kwenye simu, mtu wa vituko na makosa mengi, kama anafaa kuwekwa pamoja na magwiji wa mchezo huo au hafai. Katikati ya ubishi akakumbuka kwamba nyumbani tunaye wetu, na kesi yake ni ile ile.

Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa, alivua miwani akaifuta. Nilijua jibu lake kabla hajaivaa tena. Alisema ukuta ule watoto wanaupita kila Jumapili wakienda darasa la dini, na yeye hawezi kuwaambia kwamba mtu aliyejulikana kwa kudanganya ni wa kuigwa. Kisha akanigeukia akaniambia, kwa upole, kwamba kwa kuwa huyo ni mtu wa nyumbani kwetu, mimi niandike tu, nisipige kura. Nikaandika.

Ni lazima nieleze Baba Mdogo alikuwa nani. Nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu, yeye na rafiki yake, Mkisii aliyekuja huku kuchuna chai, walianzisha mieleka ya maonyesho. Walikuwa wanakaa nyumba moja ya wafanyakazi na walijifunza kwa kutazama televisheni ya kantini. Ulingo wao ulikuwa magunia ya majani ya chai yaliyojazwa nyasi kavu, na kamba zilizofungwa kwenye nguzo nne. Jumamosi mchana, kazi ikishaisha, holi lilikuwa linajaa hadi watu wanakaa madirishani. Rafiki yake alikuwa steringi, yaani shujaa wa mchezo, mrefu, mtulivu, anasalimia wazee kabla ya kuanza. Baba Mdogo alikuwa adui. Aliingia akiwa amejifunga shuka nyeusi kichwani, akatukana kabichi walizolima akina mama waliokaa mbele, akaficha unga wa mahindi kwenye ngumi ili amwagie mwenzake machoni refa akiangalia kando. Watu walimzomea hadi mabati yakatetemeka. Mimi pia nilimzomea, na jioni nilikula naye ugali kwenye sahani moja.

Kila pambano lilipangwa. Adui anadanganya, anakaribia kushinda, halafu steringi anaamka, anamrusha hewani mara mbili tatu, na refa anahesabu. Sisi watoto hatukujua. Nafikiri hata watu wazima wengi walijua na kusahau kwa makusudi.

Shida ilikuja Jumamosi moja. Kulikuwa na mgeni kutoka Nakuru, mtu wa kuandaa maonyesho mjini, na alikuja kumwangalia steringi. Ikiwa angempenda, angemchukua. Siku hiyo hiyo, bila kumwambia mtu yeyote, nyanya yangu, ambaye sisi tunamwita Gogo, aliamua kwenda kuona mwanawe anafanya nini kila Jumamosi. Aliingia pambano likiwa katikati, akapewa nafasi mbele kabisa, akaketi juu ya kikapu cha chai kilichopinduliwa. Nilikuwa karibu naye. Nilimwona Baba Mdogo akigeuka, akamwona mama yake, na uso wake ukabadilika.

Ulipofika wakati wa kurushwa, hakurushwa. Alisimama kama kisiki. Rafiki yake alimvuta tena, akamnong'oneza kitu, bado hakwenda. Kisha Baba Mdogo akamshika mwenzake, akamlaza kwenye magunia, akamkalia kifuani. Refa hakujua la kufanya, akahesabu mpaka tatu.

Halafu viatu vikaanza kuruka, benchi likavunjika, kioo cha dirisha kikapasuka. Katikati ya fujo hiyo Gogo alipanda ulingoni. Sote tulidhani anaenda kumkumbatia mwanawe. Alimpita, akapiga magoti kwa yule Mkisii, akampangusa unga usoni kwa leso yake. Halafu akamwambia Baba Mdogo kwa Kipsigis, mbele ya watu wote, kwamba kijana huyu alikunywa chai nyumbani kwake asubuhi ile, na yeye hakumzaa mtu wa kumkalia mgeni wake kifuani.

Mgeni wa Nakuru aliondoka bila kuaga, na hakurudi. Baba Mdogo hakuingia ulingoni tena. Mieleka yetu iliishia hapo, na watu wengi hawakumsamehe, kwa sababu aliwanyima Jumamosi zao na akamnyima mwenzake safari ya mjini.

Haya yote mwenyekiti aliyajua, maana naye alikuwa holini siku ile, na kiatu kimoja kilichorushwa kilikuwa chake. Alisema kudanganya kwa mchezo kunaeleweka. Lakini siku ile ya mwisho mtu huyu alivunja ahadi kwa rafiki yake. Hilo halikuwa mchezo.

Nilitamani kusema kitu, ila nilikuwa nimeambiwa niandike. Kijana wa Kabianga ndiye aliyesema kwamba kama aliyekosewa yuko hai, na anakaa kilomita moja kutoka hapa, basi aitwe aulizwe. Kamati ikakubali.

Wakaja wote wawili kikao kilichofuata, wazee sasa, wamepita miaka sitini. Huyo Mkisii alioa huku, ana shamba la chai na ng'ombe watatu, na shamba lake linapakana na la Baba Mdogo. Waliketi kwenye benchi moja. Mwenyekiti akamwuliza Baba Mdogo kwanza kwa nini alifanya vile.

"Mwalimu, mama yangu alikuwa hajaniona nikifanya kitu chochote," alisema Baba Mdogo. "Nilishindwa kulala chini mbele yake. Hiyo tu. Sina maneno mengine."

Kisha akaulizwa mwenzake kama alimsamehe. Alisema siku ya tatu Baba Mdogo alimletea kuku. Yeye alimpika kuku huyo, akammaliza, na hakusamehe. Alisamehe baadaye, ila hakumbuki ni lini. Siku moja aligundua tu kwamba wanapalilia pamoja na yeye ndiye anayeongea zaidi. Kamati ilicheka, mwenyekiti pia, ingawa alijaribu kuficha kicheko chake kwa kukohoa.

"Lakini mnauliza swali ambalo si lenyewe," mzee huyo akaendelea. "Mnasema mimi nilikuwa namrusha. Mimi sikuwahi kumrusha huyu mtu hata siku moja. Mikono yangu ilikuwa ya kuchuna chai, sikuwa na nguvu hiyo. Yeye ndiye alikuwa anaruka. Mimi nilishika shati tu, yeye akaruka, akaanguka, watu wakasema mimi ni simba. Huyu ndiye alinifanya steringi, Jumamosi zote isipokuwa moja."

Mwenyekiti alisema haamini. Alikuwa holini, aliona kwa macho yake mtu akirushwa toka kamba hii hadi ile.

"Basi tutoke nje," mzee akasema.

Tukatoka. Nje ya holi kuna uwanja mdogo wa nyasi, na mchana huo nyasi zilikuwa na unyevu wa mvua ya asubuhi. Nilimwomba Baba Mdogo asifanye, nikamkumbusha mgongo wake. Aliniambia nishike koti. Kisha rafiki yake akamshika kola kwa vidole viwili, vidole viwili tu, sote tuliviona, akageuza kifundo cha mkono polepole kama mtu anayefungua bomba la maji.

Baba Mdogo aliruka. Mzee wa miaka hiyo alikwenda juu miguu mbele, mkono ukipunga hewani, akashuka ubavuni kwa kishindo kilichowatoa ndege kwenye ua wa misipresi. Alibaki chini, uso umekunjamana kwa maumivu makubwa mno. Halafu nikaona jicho moja limefunguka kidogo, linamtafuta mwenyekiti.

Wanawake watatu waliokuwa wakipita na vikapu kuelekea kituo cha kuuzia majani walisimama. Mmoja wao, wa rika la kumkumbuka, aliweka kikapu chini, akaweka mikono mdomoni, akamzomea. Wenzake wakafuata bila kujua sababu. Baba Mdogo akainuka, nyasi zimemshika mgongoni, akawaambia kwamba majani yao ni ya kulisha mbuzi. Sijawahi kumwona akiwa na furaha namna ile, na nimemjua maisha yangu yote.

Tulirudi ndani. Mwenyekiti aliketi, akafuta miwani, akasema kwamba yeye amefundisha shule miaka mingi na amewapa zawadi watoto wengi kwa kushinda, na hakumbuki kuwahi kumpa mtoto zawadi kwa kumfanya mwingine ang'are. Akasema kosa la ile siku liandikwe pia chini ya picha, lisifichwe. Kisha akainua mkono wa kwanza. Wengine wakainua. Mimi nilikuwa naandika, na mwandiko wa ukurasa ule, nikiuangalia leo, hausomeki vizuri.

Picha aliipiga kijana wa Kabianga nyuma ya holi. Baba Mdogo alitaka uso wa ukali, shuka nyeusi kichwani kama zamani, lakini rafiki yake alisimama nyuma ya mpiga picha akimwigiza alivyokuwa akiamka asubuhi ya Jumapili na mbavu zinauma. Wakarudia mara nyingi. Iliyo ukutani sasa ni ya mtu anayebana midomo ili asicheke. Chini yake tumeandika kwamba alikuwa adui wetu, kwamba alijua kuanguka kuliko mtu yeyote, na kwamba siku moja alikataa kuanguka, jambo lililomgharimu rafiki yake.

Mwaka huu kijana amempendekeza yule Mkisii. Tulidhani kitakuwa kikao kifupi. Baba Mdogo akatuma ombi la kusikilizwa, akaja amevaa koti lake la kanisani, na akapinga. Alisema mtu huyo hakuwahi kumrusha mtu yeyote maishani mwake, yeye ni shahidi, na kamati isiuharibu ukuta kwa upendeleo. Alizungumza muda mrefu, kwa ukali wa zile Jumamosi, akinyoosha kidole. Mwenyekiti aliniambia niandike pingamizi lote, neno kwa neno. Dirisha lilikuwa wazi, na pale nje, kwenye benchi, nilimsikia rafiki yake akicheka mpaka akaomba mtu amletee maji.