Siku Bwana Wangu Alipokataa Kuvua Suruali

Daktari wa kwanza mwanamke niliyemwona kwa macho yangu alitufikia kwa bahati mbaya. Wakubwa wa kampuni ya mgodi walimleta kambini kwetu azalishe wanawake, basi. Halafu kampuni ikaanza kufa, askari wakapora maduka ya mjini, wapasuaji wanaume wakapanda magari yao, wengine Zambia, wengine mbali zaidi, na hospitali ya wafanyakazi ikabaki na yeye, na muuguzi mmoja, na sisi mama wa usafi. Mimi nilifagia chumba cha upasuaji. Sikusoma sana. Katekisimo ilinifundisha kuandika, kampuni ikanifundisha kupiga deki. Lakini macho ninayo.

Daktari huyo alikuwa mwembamba, na sura ya mtoto wa shule. Wagonjwa wanaume walimtazama juu mpaka chini, kisha wanauliza:

"Mademoiselle, docteur iko wapi?"

"Iko anakuja." Anatoka mlangoni, anafunga vifungo vya koti jeupe, anaingia tena. "Docteur njo miye huyu."

Sabuni ilikuwa imekwisha. Meza ya kupasulia tuliisugua kwa majivu na maji ya moto, yeye na mimi, na vyuma vyake tulivichemsha uani juu ya mbabula, jiko la makaa, kama watu wanaopika viazi. Tukiwa tunasugua, ananihadithia. Hadithi aliyoipenda ni ya mwanamke mmoja wa Ulaya, zamani za bibi za bibi zetu, aliyetaka udaktari kabla ya mwanamke mwingine yeyote wa nchi yake. Wanaume walimfungia mlango. Alipopenya, wakamtupia matope. Siku ya kusoma maiti ya mwanaume, mwalimu akamtoa nje, eti ni adabu.

"Adabu ya nani?" nikamuuliza. "Maiti njo alisikia haya?"

"Ya mwalimu, mama."

"Basi bangemutoa mwalimu."

Alicheka mpaka akaangusha koleo. Yule mwanamke, akasema, alikwenda kusomea nchi ya watu, akarudi na karatasi yake, na bado wakamwambia atibu wanawake na watoto tu. Mpaka mvi zikamtoka. Mimi nilikuwa nafikiri wazungu walizaliwa na akili tayari. Kumbe nao iliwaingia polepole, na wengine haikuwaingia.

Sasa bwana wangu. Alikuwa fundi wa mashine, mtu wa kuamuru wengine wabebe. Mishahara ilipokatika akanunua baiskeli, akawa anakwenda Kipushi, mpakani, kuchukua unga wa Zambia. Nikamwambia abebe mfuko mmoja. Akabeba miwili, kwa kuwa mimi ndiye niliyesema mmoja. Utumbo ukashuka. Ngiri hiyo wanaume wetu wanaiita mushipa, na wanauficha kama bangi. Yeye aliuficha miezi, akitembea kama mtu aliyebana yai katikati ya mapaja. Asubuhi moja ule uvimbe ulikataa kurudi ndani. Akaanza kutapika, tumbo likawa gumu kama ubao. Majirani wakanisaidia kumsukuma kwa kigari mpaka hospitali.

Daktari alimgusa juu ya shati tu, akaniita pembeni.

"Mama, utumbo imejinyonga. Tusipomupasua leo, utamuzika."

Nilielewa. Nikaenda uani kuchemsha vyuma. Kosa langu ni kuwaacha wale wawili peke yao, maana watu wetu hawawezi kukaa pamoja dakika tano bila kuulizana walikotoka. Niliporudi, bwana wangu, pamoja na maumivu yake yote, alikuwa anamhoji:

"Na mama yako, kwabo ni wapi?"

"Pweto, papa."

"Ukoo gani?"

"Ya Mbuzi."

Nilitamani kumpiga na sufuria. Mama yangu mzazi alikuwa wa Pweto, wa ukoo wa Mbuzi. Kwetu, mwanamke wa ukoo wa mama yako, hata awe amezaliwa jana, unamhesabu mdogo wa mama. Basi kile kitoto kilikuwa mama yangu mdogo, na kwa bwana wangu kilikuwa mama mkwe. Na mama mkwe mwanaume hamtazami usoni, hapishani naye njiani, sembuse kumfungulia suruali. Marufuku hiyo inaondoka siku mama mkwe anapompikia mkwe wake na kumlisha kwa mkono wake. Mama yangu mwenyewe alikwisha kufanya. Huyu mpya, bado.

Bwana wangu akashika mkanda wake kwa mikono miwili.

"Siwezi. Huyu ni mukwe wangu. Munifunike!"

Akavuta shuka mpaka kichwani. Wazee watatu waliolala vitanda vya jirani, badala ya kunisaidia, wakaitikia kama kanisani.

"Iko na haki," akasema mmoja, mzee wa mgodi mwenye kikohozi. "Mumuache akufe na heshima yake."

"Na akikufa, nani atamuosha? Weye?"

Akakohoa.

Nikageuka kumtafuta daktari. Hayupo. Alikuwa nyuma ya mlango, uso ukutani, na karatasi zake zote za chuo kikuu! Maana mama mkwe naye amekatazwa.

"Toka uko! Ule mwanamuke wa Ulaya angejificha?"

"Mama yake hakutoka Pweto, mama."

"Basi mulishe, tumalize."

"Hawezi kula! Tumbo imefungwa. Akimeza kitu atanifia juu ya meza."

Nilishika miguu ya bwana wangu. Ilikuwa baridi. Hapo ndipo nilipoacha kukasirika nikaogopa, na mimi nikiogopa nakwenda haraka. Uani mke wa mgonjwa mmoja alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Nikamega tonge bila kuomba, nikalibandika kwenye kiganja cha daktari.

"Gusisha tu kwa mudomo."

Alikuja kinyumenyume, uso huku, mkono kule. Tonge likagonga sikio, kisha pua.

"Chini! Chini kidogo!" wazee wakapiga kelele.

Nikafunua shuka, nikamshika mkono, tonge likagusa midomo. Nikaifuta hapohapo.

"Hakumeza," akasema mzee wa kikohozi. "Ile haihesabike."

"Weye uko wa Mbuzi?"

"Hapana."

"Basi nyamaza. Miye mutoto wa Mbuzi nasema alikula. Nasema alishiba."

Bwana wangu akajifunika tena. Halafu sauti ndogo:

"Alipika nani?"

Nikamtazama daktari. Yule msichana aliyekataa kusema uongo hata kwa wakubwa wa kampuni akajibu, mgongo bado kwetu:

"Ni miye, mukwe wangu."

"Iko mbichi," akasema bwana wangu, na akaachia mkanda.

Nilimvua mimi mwenyewe, kabla hajapata wazo jingine.

Walimpasua karibu na dirisha, kwa mwanga wa jua, maana mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwenda na wale waliokwenda. Mimi nilikaa nje ya mlango na ndoo yangu. Sikusali. Nilikuwa nahesabu tu vigae vya sakafu vilivyopasuka, nikifika mwisho naanza tena. Jua likahama. Daktari akatoka, koti limemshika mgongoni kwa jasho.

"Utumbo ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Tukangoja. Ikarudisha rangi. Niliirudisha ndani, mama."

Sikumshukuru. Nilimwambia akae, nikamletea maji.

Kesho yake alikuja kuangalia kidonda. Bwana wangu akafunua shuka mwenyewe, kabla hajaambiwa, akatazama dari kama mtu anayepigwa picha. Wazee wawili wakageukia ukuta kwa heshima. Yule wa kikohozi hakugeuka. Alingoja daktari amalize, akamwita kwa kidole.

"Dokta. Na miye iko kitu huku chini. Ni miaka."

Daktari akafungua mdomo kumuuliza kwao ni wapi. Nikamkanyaga mguu, lakini mzee alikuwa amekwisha kumwahi.

"Sina ukoo," akasema, akifungua mkanda. "Miye nilizaliwa na kampuni."