Chungu Alichochimba Arsène

Saa mbili asubuhi, umeme umerudi kwenye maabara ya Makiso, mjini Kisangani, na Orpha Lisungi hataki kupoteza muda. Anaweka kigae chekundu juu ya kimeza kinachozunguka. Anakipiga picha, anakizungusha kidogo, anapiga tena. Nje, toleka, zile teksi za baiskeli, zinapigiana kengele. Orpha hageuki.

Picha zinaingia kwenye kompyuta, nayo inaunda umbo la kila kigae, kisha inalinganisha kingo na unene. Ikiona viwili vinavyoelekea kushikana, inavisogeza pamoja kwenye kioo. Kuamua kama kweli vilikuwa kitu kimoja ni kazi ya Orpha.

"Mashine inapendekeza tu," anasema akicheka. "Saa ingine inaunganisha watu hawajuane hata kidogo."

Vigae hivyo ni vya vyungu vya kale vilivyochimbwa Barumbu, kando ya Mto Kongo. Mmoja wa wachimbaji alikuwa Arsène, mume wa Orpha, kibarua wa kikundi cha watafiti cha Profesa Benoît Lokwa. Miaka sita iliyopita, muda mfupi baada ya kurudi Kisangani, malaria ilimuua. Alimwacha Orpha, fundi cherehani, na Jemima, mtoto wao aliyekuwa bado ananyonya.

Profesa alimpa Orpha kazi ya kuosha vigae. Baadaye alimfundisha kamera, kisha kompyuta.

Lakini kulikuwa na sanduku moja ambalo Orpha hakuweza kuligusa. Lilikuwa la mwisho kufungwa kwa kamba na Arsène.

"Ile fundo ilikuwa yake," anasema. "Hata mizigo ya soko alikuwa anafunga vile. Nilijiambia, nikifungua, bon, basi, amekwisha kabisa."

Profesa hakumlazimisha. "Nilimwambia, mama Jemima, vigae haviozi. Vitakungoja."

Mwaka jana, chungu kikubwa kilianza kujitokeza kwenye kioo: mdomo, shingo yenye mistari, tumbo pana. Kitako hakikuwapo. Kompyuta ilipitia kila kigae kilichopigwa picha, isipate kitu. Wenzake wakaanza kuzungumzia kujaza pengo kwa plasta.

"Kilikuwa kinaelea tu pale," Orpha anakumbuka. "Kama mutu hana miguu. Kiliniuma."

Asubuhi moja alifunga mlango wa maabara, akakaa sakafuni mbele ya lile sanduku. Mkasi ulikuwepo mezani, lakini hakuutumia. Alilegeza fundo kwa vidole, akalia, akaendelea kulegeza.

Ndani, kila kigae kilikuwa kimeviringishwa kwa kitambaa cha bluu. Orpha alikitambua mara moja. Lilikuwa shati la Arsène, limechanwa vipande vipande. Baada ya mazishi alilitafuta nyumba nzima asilione.

"Nililishona mimi mwenyewe," anasema kwa sauti ndogo. "Kumbe karatasi ilimwishia kule, akatoa shati yake ili vile vitu visivunjike."

Alivipiga picha kimoja kimoja. Kompyuta ilipomaliza kulinganisha, vigae vinne vizito vilijisogeza chini ya kile chungu. Orpha alivikuza, akakagua kila mpasuko, akavigeuza upande wa pili. Vilishikana.

Akapiga simu. "Papa Benoît, kuja uone! Kinasimama!"

Profesa anasema alimkuta ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka. Alivuta kiti, akakaa naye.

Sasa chungu chenyewe kimegandishwa kwa gundi, kwa kufuata mpangilio wa kompyuta. Kabla hakijapelekwa kwenye jumba la makumbusho, Orpha ameomba ruhusa ya kukisafirisha kwa boti hadi Barumbu, na profesa amekubali kwenda pamoja naye. Huko anaishi Mama Émilie, mama mzazi wa Arsène, ambaye sasa miguu haimruhusu kusafiri.

"Tangu kifo, kila tukiongea ananiuliza: mutoto wangu alikuwa anatafuta nini kwa ule udongo?" anasema Orpha. "Nitaweka hiki chungu mbele yake, nitashika mikono yake, nitaiweka juu. Nitamwambia: mama, ni hiki."